Kati ya redio na moshi, nani alisema kweli?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi ndugu wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuzungumze juu ya upepo. Najua wengi wenu mnaishi mjini, na kwa mtu wa mjini upepo ni jambo dogo. Hukausha nguo kambani, hupeperusha vumbi la barabarani, na mara moja moja hung'oa bati la banda la jirani. Lakini nimepata barua kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, ambayo imenitia aibu kwa kazi yangu mwenyewe, na nimeona ni haki niijibu hadharani.

Barua hiyo imeandikwa kwa wino wa bluu katika karatasi mbili za daftari la shule. Mwandishi wake ni mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, wa kijiji kisicho mbali na Mbamba Bay. Jina lake nalihifadhi. Ananiita mwanangu, ingawa wakati anaandika tulikuwa hatujapata kuonana. Anasema kwamba jioni moja ya mwezi wa Julai alinisikia mimi nikisoma utabiri wa hali ya hewa. Nilisema kuwa katika Ziwa Nyasa kutakuwa na upepo wa kusini mashariki unaofikia kilomita 40 kwa saa, na mawimbi yanayofikia mita 2.

Alfajiri yake mzee akatoka nje kutazama. Hapakuwa na upepo wa kutisha mtu. Moshi wa jiko la mkewe ulikuwa unalala taratibu kuelekea ziwani, maana yake hewa ilikuwa inatoka milimani, si kusini. Maji ya ufukweni yalitulia kama mafuta katika sahani. Watu wakacheka, wakasema redio imekosea tena. Vijana watatu wakaingia mtumbwini kufuata nyavu zao, na mmoja wao alikuwa mpwa wake mzee huyu. Ilipofika kama saa nne asubuhi, boti moja ilirudi na vijana wawili iliowakuta wameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Yule mpwa aliokotwa siku ya tatu.

Mwisho wa barua mzee anauliza hivi: "Mwanangu, moshi niliuona kwa macho yangu, na redio niliisikia kwa masikio yangu. Kati yenu wawili, ni nani aliyesema uongo?"

Ndugu wasikilizaji, nimefanya kazi hii ya utangazaji zaidi ya miaka ishirini. Ule mstari wa upepo wa Ziwa Nyasa nimeusoma mara nyingi kiasi kwamba mdomo wangu unaujua kuliko kichwa changu. Niliusoma haraka, kwa sababu baada yake kuna matokeo ya mpira na watu wanayasubiri. Sikuwahi kujiuliza mtu aliyesimama ufukweni anaufanyia nini. Kwa hiyo barua hiyo niliiweka mfukoni nikasafiri nayo. Songea nilionana na mtaalamu wa hali ya hewa, akanikalisha chini kwa saa mbili na karatasi na kalamu. Kisha nikapita Mbinga, nikateremka ile barabara ya kilomita 66 hadi Mbamba Bay, kumtafuta mzee mwenyewe.

Kwa wale ambao hawajafika huko, nieleze kwanza nchi ilivyokaa, maana bila hiyo habari ya upepo haitaeleweka. Mbinga iko juu, katika nyanda za Wamatengo, nchi ya baridi, ya kahawa na ya yale mashamba maarufu ya ngoro yanayochimbwa kama mashimo katika miteremko mikali. Sehemu nyingine za nyanda hizo zinapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko chini kabisa, kiasi cha mita 475 tu. Kwa hiyo msafiri anayetoka Mbinga hushuka na kushuka, sweta linavuliwa, masikio yanaziba, mpaka anafika kwenye joto na michanga ya Mbamba Bay, ambayo leo ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa. Hadi 2012 eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga.

Milima iko nyuma yako upande wa mashariki, na ziwa liko mbele yako upande wa magharibi. Ziwa hilo ni refu na jembamba. Urefu wake unapita kilomita 550, lakini upana wake hata panapozidi ni kama kilomita 75. Limelala kusini hadi kaskazini kama mfereji. Ukisimama Mbamba Bay na kutazama kusini, kuna maji ya zaidi ya kilomita 300 kabla ya kufika mwisho wake huko Malawi. Upepo wa kusini unapoingia katika mfereji huo hakuna kitu cha kuuzuia, na mawimbi yanapata safari ndefu ya kukua.

Upepo huo watu wa pwani wanaujua kwa jina la kusi. Ni ule unaovuma kutoka kusini na kusini mashariki tangu kama mwezi wa Aprili au Mei hadi Septemba. Katika Ziwa Nyasa, hasa upande wa Malawi, wavuvi huuita mwera, na jina hilo halitajwi kwa mzaha. Mwezi wa Julai 1946 meli iliyoitwa Vipya ilizama katika dhoruba upande wa kaskazini wa ziwa hilo, na watu zaidi ya 100 wakafa. Huku kwetu baharini, mwezi huo huo wa Julai, mwaka 2012, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikielekea Unguja, nako watu wengi wakapotea. Sisemi kwamba upepo peke yake ndio ulioua, maana ajali ya meli ina sababu nyingi. Nasema tu kwamba Julai ni mwezi wa kuheshimiwa.

Sasa turudi kwenye moshi. Siku ya pili ya kukaa kwangu Mbamba Bay, saa kumi na mbili asubuhi, nilisimama ufukweni na yule mzee. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono akaninyoshea kidole. "Tazama moshi ule," akasema. Moshi ulikuwa unalala kuelekea ziwani, polepole, kama alivyoandika. Nikamwambia, "Sasa mzee wangu, tazama juu." Mawingu madogo yalikuwa yanatokea kusini na kukimbia kuelekea kaskazini, kwa kasi. Mzee akanyamaza. Alikuwa ameyaona mawingu hayo maisha yake yote, lakini hakuwahi kuyaweka pamoja na moshi katika hesabu moja. Wala mimi sikuwahi, mpaka nilipokaa na yule mtaalamu wa Songea.

Jambo lenyewe ni hili. Upepo si kitu kimoja kuanzia ardhini hadi mbinguni. Hewa imepangana tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka laweza kuwa na mwendo wake na upande wake. Chini hewa yaweza kuwa inatambaa kwenda magharibi, na mita mia chache juu yake upepo unakimbia kwenda kaskazini. Tofauti hiyo ya mwendo au ya upande, kati ya tabaka na tabaka, au kati ya mahali na mahali, wataalamu wameipa jina lao. Sisi katika mazungumzo haya tuiite mpishano wa upepo.

Msikilizaji wa mjini anaweza kuielewa kwa mfano wa daladala. Mtu anayeshuka daladala kabla haijasimama, miguu yake hugusa ardhi isiyokwenda, lakini kiwiliwili chake bado kina mwendo wa gari. Miguu ina mwendo mmoja, kichwa kina mwendo mwingine. Matokeo yake tunayajua, ni kupinduka. Kitu chochote kinachokaa katika mwendo wa namna mbili kwa wakati mmoja, kiwe mtu, wingu, ndege au tanga la mtumbwi, kimo katika mpishano.

Kwa nini basi mpishano huo uwe mkubwa alfajiri na si mchana? Mtaalamu alinieleza hivi. Upepo unaopita karibu na ardhi hukwaruzana na miti, nyumba, mawe na vilima, ukapungua kasi. Mchana, jua linapoipasha ardhi joto, hewa ya chini inakuwa nyepesi na kupanda, na ile ya juu inashuka kujaza nafasi yake. Hewa yote inakorogwa kama uji unavyokorogwa kwa mwiko. Kwa sababu hiyo kasi ya juu inagawiwa na walio chini, na sisi tunasema upepo umeanza.

Usiku mwiko unaondolewa chunguni. Ardhi inapoa, hewa iliyoilalia inakuwa baridi na nzito, inatulia chini. Katika nchi ya milima kama Umatengo hewa hiyo nzito hufanya zaidi ya kutulia. Hutiririka polepole kufuata mabonde, kama maji, ikateremka hadi ziwani. Huo ndio upepo uliolaza moshi wa mama yule jikoni. Wakati huo huo upepo mkubwa wa juu haukwaruzani tena na ardhi, kwa sababu tabaka baridi limeingia katikati kama godoro. Badala ya kupungua unaweza hata kuongeza mwendo. Kwa hiyo aliye chini anaona utulivu katika saa ambazo upepo wa juu umekaza zaidi.

Jambo hili halihusu Ziwa Nyasa peke yake. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Mwingereza, John Findlater, alichunguza vipimo vya upepo vya Afrika Mashariki akaonyesha kwamba katika msimu wa kusi kuna kama mto wa upepo wa kasi unaopita juu ya Kenya kuelekea Somalia na Bahari ya Arabu, kwenye kimo cha kilomita moja hivi au moja na nusu kutoka ardhini. Mto huo wa hewa ni mmoja wa mito inayoipelekea India mvua zake za masika ya huko. Mchungaji wa ng'ombe aliyelala chini yake anaweza asijue kwamba kitu hicho kinapita.

Sasa jua linapochomoza na kupanda, ardhi ya ufukweni inapata joto, koroga koroga inaanza upya, na lile godoro la hewa baridi linatoboka. Upepo wa juu unateremka. Hauji kidogo kidogo kama mgeni anayebisha hodi, mara nyingi huja kwa mikupuo. Hii ndiyo sababu wavuvi wengi wanasema upepo "umeanza" saa tatu au saa nne. Haukuanza saa hiyo. Ulikuwapo tangu usiku, juu ya vichwa vyao.

Kuna na mpishano wa pili, ule wa mahali na mahali. Ufukwe uko katika kivuli cha milima, yaani milima inaukinga upepo. Lakini ukipiga kasia ukatoka kwenye kivuli hicho, unaukuta upepo ukivuma waziwazi. Tena huko kilindini maji ya ziwa hayapoi upesi usiku kama ardhi inavyopoa. Maji ya vuguvugu huipasha hewa iliyo juu yake, kwa hiyo godoro la hewa baridi halipati nafasi ya kukaa, na upepo wa juu unaweza kufika majini hata usiku wa manane. Kwa hiyo ile kilomita 40 niliyoisoma redioni ilikuwapo kweli, ila haikuwapo mlangoni kwa mzee. Ilikuwa mbele kidogo, na juu kidogo.

Na kilomita 40 si maneno ya kupuuza. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake, inaongezeka kwa kasi kuzidishwa kwa kasi. Upepo wa kilomita 20 una nguvu mara nne ya ule wa kilomita 10, na upepo wa kilomita 40 una nguvu mara kumi na sita. Kijana aliyeondoka ufukweni katika upepo wa kilomita 10, akakutana na wa 40 mbele ya safari, amekutana na mkono wenye nguvu mara kumi na sita ya ule aliouzoea dakika chache tu zilizopita.

Nisije nikaonekana naulaumu tu mpishano huu. Katika hali ya hewa ni kama chumvi katika mboga. Ukikosekana kuna hasara, na ukizidi kuna hasara. Tuchukue mvua ya radi, kama zile zinazopiga Mbinga kati ya Desemba na Aprili. Wingu la radi ni jiko. Hewa ya joto yenye unyevu ndiyo kuni zake, nayo hupanda kutoka chini hadi kilomita kumi na zaidi. Upepo wa chini na wa juu ukiwa sawa, wingu husimama wima, na mvua yake huanguka palepale hewa inapopandia. Ni kama chungu kinachofurika na maji kumwagikia motoni. Moto unazimika. Mvua ya namna hiyo hupiga nusu saa au saa moja, kisha jua linatoka.

Lakini pakiwa na mpishano wa kiasi, wingu linainama. Maji yanamwagika pembeni ya jiko, moto unaendelea kuwaka. Dhoruba hiyo inaishi muda mrefu, inasafiri, na ndani yake matone hurushwa juu kwenye baridi tena na tena mpaka yanakuwa barafu. Hapo mkulima wa kahawa anakutana na mvua ya mawe inayochana majani na kuangusha punje. Na mpishano ukizidi mno wakati wingu bado changa, linapasuliwa vipande kabla halijakomaa, na watu wanaotazama mbingu wanashangaa mvua imekwenda wapi. Katika nchi za kwetu zilizo karibu na ikweta mpishano kwa kawaida si mkubwa sana. Katika nyanda za kati za Marekani ni mkubwa, na ni moja ya sababu ya tufani zao zile zinazozunguka kama pia na kubeba mapaa ya nyumba.

Jambo ambalo huenda likawashangaza wengi ni kwamba mpishano huo huo umepata kuwaokoa wakazi wa Dar es Salaam. Mtakumbuka kimbunga Jobo cha Aprili 2021. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari kwamba kinaelekea pwani yetu. Watu wa Dar es Salaam, Pwani, Lindi na Mtwara wakajiandaa. Kilipofika kilikuwa kimebaki mawingu na upepo usio mkubwa. Nakumbuka vijiweni watu walivyosema tumetishwa bure. Hatukutishwa bure. Kimbunga cha baharini huhitaji maji ya joto chini yake, na huhitaji pia kusimama wima kama bomba la moshi, ili joto lipande moja kwa moja katikati yake. Jobo kilipokuwa njiani kilikutana na upepo wa juu uliokuwa unakwenda tofauti na wa chini, pamoja na hewa kavu. Bomba likasukumwa upande, likavunjika.

Hidaya hakikuvunjika mapema namna hiyo. Mwezi wa Mei 2024 kilifika mpaka Mafia, na mvua na upepo wake ukaleta madhara makubwa katika pwani ya kusini. Na watu wa Lindi wenye kumbukumbu za wazee wao wanajua habari ya kimbunga cha Aprili 1952 kilichoupiga mji huo. Majirani zetu wa Malawi, tunaoshirikiana nao ziwa hili, Machi 2023 walipigwa na mabaki ya kimbunga Freddy upande wa Blantyre, na mamia ya watu wakafa kwa mafuriko na maporomoko. Kwa hiyo mtaalamu anapotoa tahadhari ya kimbunga anatazama joto la bahari, na anatazama pia upepo wa juu kama unapishana na wa chini. Hesabu hiyo hubadilika kila saa. Anayesema "umetudanganya" kwa sababu kimbunga kimekufa njiani ni sawa na aliyesema redio imekosea kwa sababu moshi umelala upande mwingine.

Marubani nao walilipa ada kubwa kulijifunza somo hili. Juni 24, 1975, ndege ya abiria aina ya Boeing 727 ilianguka ikikaribia kutua New York wakati wa mvua ya radi, na watu 113 wakafa. Mtaalamu mmoja mzaliwa wa Japani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, Tetsuya Fujita, akachunguza. Akaeleza kwamba chini ya wingu la radi hewa baridi yaweza kuporomoka kwa ghafla, ikafika ardhini na kutawanyika pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni kwa ndoo. Ndege inayopita hapo kwanza hukutana na upepo wa mbele unaoinyanyua, na sekunde chache baadaye upepo wa nyuma unaoiondolea uwezo wa kuelea. Wako waliokuwa na mashaka naye. Agosti 2, 1985, jambo hilo likatokea tena Dallas, watu 137 wakafa. Baada ya hapo ndege kubwa za abiria ziliwekewa vyombo vya kumwonya rubani, na marubani wakafundishwa namna ya kujiokoa.

Nilipomsimulia mzee habari hiyo ya hewa inayoporomoka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akasema, "Hiyo naijua. Ni ule ubaridi unaokupiga usoni kabla ya mvua. Sisi tukiusikia tunakunja tanga." Kwa hiyo mzee hakuwa mjinga wa mambo haya. Wavuvi wanajua mengi. Kilichokosekana ni kiungo kati ya yale wanayoyajua wao na yale tunayoyasoma sisi, na kiungo hicho kilikuwa kazi yangu.

Basi jibu langu kwa mzee, ambalo nilimpa ufukweni na sasa nalitoa mbele yenu wote, ni hili. Moshi haukusema uongo, na redio nayo haikusema uongo. Moshi ulieleza hewa ya mlangoni, saa kumi na mbili asubuhi. Redio ilieleza upepo wa ziwa zima kwa siku nzima. Kosa lilikuwa letu tuliosoma bila kueleza, tukamwachia msikilizaji achague kati ya vitu viwili vilivyokuwa vyote kweli.

Kwa hiyo nimekubaliana na wenzangu wa chumba cha habari kwamba kuanzia sasa, tunaposoma tahadhari ya upepo mkali katika ziwa au bahari, tutaongeza maneno machache: kwamba utulivu wa alfajiri ufukweni si dalili kwamba tahadhari imefutwa. Ni sekunde tano tu, na matokeo ya mpira yanaweza kusubiri sekunde tano. Nawaomba na viongozi wa vikundi vya wavuvi katika mialo yetu wayarudie maneno hayo kwa wale wasio na redio.

Kwa mvuvi mwenyewe, mtaalamu aliniachia mambo matatu ya kutazama kabla ya kusukuma mtumbwi. Tazama moshi, kisha tazama mawingu. Vikienda pande mbili, au kimoja kikitambaa na kingine kikikimbia, jua kwamba upepo wa juu haujashuka. Pili, tazama mbali ziwani. Mstari mweusi au mweupe wa maji yaliyochafuka ukionekana nje ya kivuli cha milima, huko ndiko utakakoukuta upepo. Tatu, ulizia tahadhari ya siku hiyo, na ukiisikia, isipimwe kwa hewa ya mlangoni pako. Dalili hizi zinasaidia, lakini hazichukui nafasi ya tahadhari yenyewe.

Na kwa sisi wa mjini, tunaokula dagaa bila kuuliza walikotoka, tukumbuke kwamba kuna watu wanaouanika uhai wao kila alfajiri katikati ya pepo mbili. Nasi wasafiri wa boti za Unguja na Pemba, siku tukiambiwa safari imeahirishwa huku bandari imetulia, tusimgombeze mkata tiketi. Yeye anaufuata upepo ambao sisi hatujaufikia.

Nilipoagana na mzee alinipa samaki wakavu wamefungwa katika gazeti. Akaniambia kwamba alfajiri hiyo hakutoka. Alikaa nje, akatazama mawingu mpaka saa nne, na saa nne upepo ukaja.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa tutakutana tena juma lijalo, wakati kama huu.